Barua Nzito ya Munene

Naanza kwa kiapo, ili tusije tukasumbuana huko mbele. Kila neno nililoandika hapa ni la kweli, kweli kavu isiyopakwa mafuta. Ukinishika na la uongo, hata liwe dogo kama kiroboto, njoo Kinoru hapa Meru, uulize nyumba ya Muthamia nyuma ya uwanja, yenye lango la mabati ya buluu. Nina mabeberu wawili. Karani ni mweupe na ana pembe moja. Meneja ni mweusi na hana adabu. Chagua umtakaye, umfungue, uende naye. Sitauliza swali.

Wanaonijua pale Makutano, kwenye bucha ya Abubakr ambako sisi wastaafu hukaa kunywa supu, watacheka wakisoma hivyo. Wao husema Muthamia akikwambia mvua inanyesha, toka nje kwanza uguse ardhi. Ni wivu tu. Ni kweli niliwahi kuwaambia kwamba nyuki wa Mbeere walinibeba mimi na ngazi yangu kutoka mzinga mmoja hadi mwingine, lakini sikusema kwamba mizinga hiyo ilikuwa mbali.

Kazi yangu ilikuwa pampu. Nilitunza pampu za maji kule Siakago mpaka mvi zikanikuta huko, mahali ambapo mvua ni mgeni na vumbi ndilo mwenyeji. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe baada ya kustaafu. Nilinunua moja iliyokwisha kutumika, nikaifungua kama nilivyozoea kufungua pampu, nikaifunga, skrubu zikanibaki mkononi na bado ikawaka. Tangu siku hiyo jirani yeyote aliye na simu iliyoganda huja kwangu, nami sijawahi kumwambia mtu "sijui". Neno hilo sikulisomea.

Kipaji changu kingine ni sauti. Huniambii ni nani nisiyeweza kumwiga. Kule Siakago niliwahi kujifanya mkubwa wetu kwenye simu, nikawapa mafundi wote ruhusa ya kwenda nyumbani, na mkubwa mwenyewe alipoulizwa akaanza kujishuku. Aliyecheka kuliko wote siku hiyo alikuwa Munene.

Munene alikuwa mfuga nyuki, Mmbeere halisi, mtu mrefu mwenye sauti ya gunia la mtama likiburutwa sakafuni. Kabla ya kusema neno lolote la maana alikuwa akikohoa kwanza, kama anayebisha hodi kwenye koo lake mwenyewe. Alikuja kisimani na punda wake kuchota maji, akanikuta, tukakaa. Yeye alitafuna muguka wake, mimi miraa yangu ya Igembe, kila mmoja akimdharau mwenzake kwa kula majani ya mbuzi. Kimbeere changu chote nimekipata pale. Nyumbani kwake sikuzoea kwenda. Urafiki wetu ulikuwa wa kisimani, ukaishia kisimani. Nilipostaafu nikarudi Meru, na habari iliyofuata kumhusu ilikuwa ya kifo chake.

Basi siku moja, jua limesimama, lango la buluu likagongwa. Mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Hodi, mzee."

"Karibu, mwanangu. Umeletwa na simu au na kompyuta?"

"Nimeletwa na baba."

"Baba yako nani?"

"Munene wa Siakago. Mimi ni Marcella. Baba alikuwa akisema, ukikwama na kitu cha waya, tafuta yule Mmeru muongo wa pampu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamtolea kiti kivulini, nikampa chai, na chai ikapoa mkononi mwake kabla hajaonja.

Kisa chake kilikuwa hivi. Miaka ile alipokwenda shule ya bweni, Munene alimpeleka mjini Embu, kwa kampuni ndogo ya mtandao iliyoitwa Mlima Neti, akamfungulia anwani ya barua pepe na yeye mwenyewe akajifungulia yake, wawe wakiandikiana. Wakaandikiana. Kisha msichana akapata kazi ya nyumbani Uarabuni. Munene akakataa. Msichana akang'ang'ana. Mbele ya ndugu wote waliokusanyika kumuaga, mzee akasimama na kutamka kwamba akienda, asikanyage tena shamba lake, na mtoto wake asicheke juu ya ardhi ile.

Asiyewajua Wambeere atadhani hayo ni maneno ya hasira tu, ya kupoa na kusahauliwa. Sivyo. Katazo la mzazi, akifa bila kuliondoa, wao huliita kirumi, na kirumi hubaki kimesimama kama mlango ambao mtu kaufunga akazikwa na ufunguo.

Marcella alienda. Tajiri wake kule akamnyang'anya simu siku ya kwanza. Huku nyuma Munene akaugua koo, akalazwa, na siku zake za mwisho akamwomba jamaa mmoja amrekodi kwa simu na kuituma sauti hiyo kwenye ile barua pepe ya zamani, kwa kuwa njia nyingine ya kumfikia binti yake haikuwepo. Kisha akafa. Marcella aliporudi alikuta kaburi limeshaota nyasi.

"Na ulipofungua hiyo sauti, alisema nini?" nikauliza.

"Sijaifungua."

"Miaka yote hii?"

"Mzee, niliogopa. Na kama alirudia yale yale? Nikiwa sijaisikia, bado kuna nafasi." Aliweka kikombe chini. "Nilimzaa mtoto hapo Siakago mjini, katika nyumba ya kupanga. Nilimpeleka shambani mara moja tu, kumwonyesha kaburi la babu yake. Alicheka. Aliona mjusi, akacheka. Mwezi haukuisha, nikamzika. Wa pili alitoka kabla ya siku zake."

Karani alilia huko zizini, akamjibu kabla yangu.

"Sasa ile kampuni inafungwa," akasema. "Wametangaza kwamba mwezi ukiisha, barua zote zitafutwa. Ukurasa wao unakwama, cyber ya Siakago wameshindwa kuutoa mzigo wote. Nataka unihifadhie barua zangu ndani ya mashine, zisiwe tena mikononi mwa mtu mwingine. Zote. Lakini ile ya sauti usiifungue."

"Nisiisikilize?"

"Usiiguse. Baba alitamka mbele ya watu. Kama ameondoa, ameondoa mbele ya watu. Kama hajaondoa, basi nao wasikie, nijue nikazeekee wapi. Nitawaita ndugu zake kaburini, isikike mara ya kwanza pale."

Akanipa neno la siri. Lilikuwa *igoki*.

"Igoki ni nani?"

"Nyanya, mama yake baba. Nami ni Igoki pia, jina la nyumbani."

Nikaandika kwenye kiganja. Nikafungua ile programu yangu ya kuvuta barua, nikaielekeza kwa Mlima Neti, na barua zikaanza kuteremka moja baada ya nyingine kama wanakwaya wanaoingia kanisani. Sikusoma hata moja. Naweza kuwa na mdomo mrefu, lakini macho yangu yana heshima. Juu kabisa ya orodha nikaiona: *Munene*, kichwa chake *Sikiliza*, na kando yake kale kapini ka kuonyesha kwamba kuna kitu kimebandikwa. Marcella akaiona pia. Akaigusa kwa kidole kwenye kioo, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Imeingia?"

"Imeingia, imekaa, imevua viatu," nikamwambia. "Mwezi ukiisha wacha wafunge hata mlima wenyewe."

Alienda akiwa mwepesi kidogo kuliko alivyokuja. Nilimnakilia hizo barua kwenye simu yake aziweke, na ile ya sauti nikamwahidi kuileta mwenyewe kwenye flashi siku ya mkutano.

Sasa sikiliza jambo la kusikitisha. Mimi ni mstaafu. Bando langu la mtandao nalipima kama dawa ya kikohozi. Zamani sana, watoto wangu walipokuwa wakinitumia video za harusi za watu nisiowajua, niliiwekea programu ile alama ndogo: *barua nzito usiteremshe mpaka nizifungue*. Nikasahau. Barua nyepesi zote za Marcella ziliteremka. Ile moja nzito ilileta kichwa tu, jina na kapini, mwili ukabaki kule Embu kwenye seva. Na kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutoigusa, sikuigusa. Ningekuwa mtu asiyetimiza ahadi, ningeifungua kidogo kwa udaku, nayo ingeteremka yote. Kwa mara ya kwanza maishani nilitii, na utii ukaniponza.

Niligundua mwezi ulipokwisha, nilipotaka kuihamisha kwenye flashi. Nikabofya. Kioo kikaniambia kwamba mwili wa barua hii haujateremshwa, niunganishe mtandao. Nikaunganisha. Mlima Neti haikujibu. Nikajaribu tena, nikazima, nikawasha, nikapuliza waya kwa mdomo. Nikapiga simu yao. Simu ilikuwa imekatwa. Nikakaa pale sebuleni nikiliangalia jina la Munene, na lile neno *Sikiliza*, na chini yake ukurasa mweupe.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilivaa koti.

Niliteremka hadi Embu. Ofisi ya Mlima Neti nilikuta inageuzwa kinyozi. Kinyozi akanieleza kwamba mitambo imeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, na lori limeelekea upande wa Chuka. Nikalifuata lori. Chuka nikampata mama mmoja aitwaye Gatakaa, mwenye rundo la vyuma lililozidi kanisa kwa urefu, na juu ya rundo, naapa, ilikuwepo seva ya Mlima Neti, na juu ya seva kuku ameatamia. Gatakaa akasema kuku huyo alikataa kiota, akapenda mashine, kwa kuwa bado ilikuwa na joto la barua za watu. Nikaomba betri ya pikipiki. Nikaunga waya huku na huku, kuku akinidonoa mkono, alama ninazo. Taa ikawaka. Nikaandika *igoki*. Mashine ikatetemeka, yai likaviringika, na kutoka ndani ya yale mabati nikasikia kikohozi. Kikohozi cha Munene, kile cha kubisha hodi kwenye koo. Nikachomeka flashi upesi nikaivuta sauti yote kabla betri haijafa. Kuku alipoondoka, seva ilikuwa baridi kama jiwe.

Basi tukakutana Siakago, kaburini, kwenye shamba la Munene. Jua lilikuwa la kukaanga. Ndugu walikuwepo na wake zao, na mbele kabisa Mzee Njura, mdogo wake Munene, ameshika bakora yake kwa mikono miwili. Marcella alisimama nje ya ua, kwenye njia ya ng'ombe. Hakutaka kukanyaga kabla ya kusikia. Nikaweka spika ndogo juu ya kaburi, nikachomeka flashi.

Kikohozi. Watu wakashtuka, mama mmoja akajishika mdomo. Kisha ile sauti ya gunia, kwa Kimbeere, polepole:

"Igoki, binti yangu. Igoki. Neno nilitamka kwa hasira. Leo naliondoa kwa mdomo ule ule. Rudi nyumbani ujenge. Mtoto wako acheke juu ya ardhi yangu mpaka majirani wakose usingizi."

Kikohozi tena. Kimya.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akamvuta Marcella mkono, akamwingiza ndani ya ua. Mzee Njura aliinamisha kichwa na hakukiinua. Marcella hakulia wala hakucheka. Alikuwa akiniangalia mimi. Niliona ni kawaida, kwani furaha ikizidi hufanana na msiba. Nilipewa asali. Nikarudi Meru nimeishika chupa mapajani, na moyoni najua nimemfanyia rafiki yangu jambo ambalo hata yeye

*

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikitafuta neno la kumalizia sentensi ile nikawasomee wenzangu kwa Abubakr, lango la buluu likagongwa. Sasa naendelea kwa sababu nimeambiwa niendelee, na aliyeniambia ameshayasoma yote ya hapo juu, na kuku wake.

Walikuwa wawili, Marcella na Mzee Njura. Nikaleta viti. Mzee Njura akakataa chai, akaomba maji, akanywa, akaweka bakora juu ya magoti.

"Muthamia," akasema, "mama yangu aliitwa nani?"

"Mzee, mama yako sikumjua."

"Unamjua. Ulimtaja kaburini, mbele ya wanawe na wake za wanawe."

"Igoki."

"Igoki. Munene alipompata huyu akampa jina la mama yetu. Kwenu Imenti, huko Meru, sijui mnapeana majina vipi. Kwetu sisi, kuanzia siku ile, huyu akawa mama yetu amerudi. Mimi na mvi hizi, huyu namwita nani?"

"Mama," Marcella akajibu kwa niaba yangu.

"Na Munene alimwita nani?"

"Mama. Tangu nikinyonya. Hajawahi kunitamka Igoki hata siku moja. Nani humwita mama yake kwa jina?"

Hapo nilielewa, na bado nikatafuta kichaka cha kujificha. "Mwanangu, ugonjwa. Mtu anayekufa huchanganyikiwa, husahau—"

"Husahau alichozoea kusema," Mzee Njura akanikata. "Hawezi kukumbuka ambacho hajawahi kusema. Wengine waliopiga vigelegele ni wake wa kuolewa na vijana wa juzi, hawasikii mambo hayo. Mimi nilisikia. Nilishindwa hata kuinua kichwa. Ndugu yangu afe, azikwe, arudi kwa taabu yote hiyo, aje amwite mama yetu kwa jina mbele ya wakwe?"

Marcella alitoa simu. "Barua ulizonihifadhia hukuzisoma, sivyo?"

"Sikuzisoma. Nina heshima."

"Heshima!" Akaanza kusoma, akipitisha kidole. "'Mama, nyuki wa mzinga wa juu wamehama.' 'Mama, yule punda amezaa.' 'Mama, kula vizuri, shule si jela.' Zote, mzee. Hakuna hata moja isiyoanza hivyo. Ungesoma mbili tu, ungenidanganya vizuri."

Karatasi zangu zilikuwa juu ya meza, naye akaziona, akazichukua, akazisoma pale pale tangu kiapo cha mwanzo. Nilitamani mvua inyeshe, hata ile ya uongo. Alipofika Chuka akainua macho.

"Huyu kuku?"

"Kuku yupo," nikasema.

"Na seva?"

"Kuku yupo."

Mzee Njura aligeuza uso, nikaona mabega yakitikisika kidogo. Kama kilikuwa kicheko, kilikufa kabla hakijatoka. Marcella aliziweka karatasi chini, akaniamuru nimalizie na haya ya leo.

"Ulirekodi hapa hapa?"

"Pale chooni. Kuna mwangwi."

"Kwa nini?"

Ningeweza kumtungia sababu. Zilikuwa zimepanga foleni kwenye ulimi. "Ulikuja umeniamini," nikasema. "Nikakosea. Nikaona ukurasa mweupe. Nikajua Munene angesema nini, nikakisema."

"Ulijua?" Sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda. "Wewe ulikuwa naye kisimani. Mimi nilikuwa mama yake. Na mimi sijui. Kwa hivyo baba alisema nini, mzee?"

"Sijui."

Ndilo neno ambalo sikulisomea. Lilitoka kama jino.

Meneja alikuwa akigonga mlango wa zizi kwa pembe. Mzee Njura akaniuliza kama hakuna namna, kama hakuna mtu wa kumfuata, na yule jamaa aliyemrekodi ndugu yake. Marcella akamjibu: jamaa yule alitoka nje ya chumba mgonjwa alipoanza kusema, kwa adabu, kwa sababu maneno hayakuwa yake. Akarudi akabofya kutuma. Simu ile iliibwa stendi ya Embu mwaka ule ule.

"Kuna barua moja fupi," Marcella akasema. "Ilikuja kabla ya ile ya sauti. Hii ilikuwa nyepesi, iliteremka." Akasoma: "'Mama, mikono haishiki tena. Nakutumia sauti.' Basi."

Mzee Njura aliinuka nusu kwenye kiti. "Amekuita Mama. Baada ya yale yote, bado amekuita Mama. Mtu humlaani mama yake?"

"Umesikia, mwanangu?" nikadakia, nikiona mwanya. "Mzee Njura anasema kweli, hilo lenyewe ni—"

"Baba mdogo," Marcella alimwambia yeye, si mimi, "siku ile ulikaa mlangoni. Alisema vipi? Sema kama alivyosema."

Mzee Njura akarudi kitini taratibu. Akasema, akiiangalia bakora: "Alisema, 'Mama, ukienda, usikanyage tena shamba langu. Na mtoto wako, Mama, asicheke juu ya ardhi hii.'"

"Umeona," akasema Marcella. "Neno hilo alilitumia kwa yote mawili."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kama atajenga.

"Juu ya nini? Juu ya mdomo wako? Nitabaki kwenye nyumba ya kupanga. Kule angalau ukuta ni wa mtu ninayemjua."

Mzee Njura akatoa hukumu yake pale pale, bila baraza. Nitafika Siakago siku atakayosema, nisimame kaburini, niwaambie wale wa vigelegele kwa sauti yangu mwenyewe kwamba ile nyingine haikuwa ya Munene. Nitatoa beberu. Nikamuuliza kama beberu huyo hawezi kutumika kuondoa kirumi, ili walau kitoke kitu kizuri.

"Huyo ni wa kuosha mdomo wako tu," akasema. "Neno lililotoka kwa Munene lilikuwa lirudishwe na Munene. Pengine alilirudisha. Wewe ndiye uliyeliacha Embu."

Nikaenda zizini nikamfungua Karani. Alinifuata bila ubishi, mjinga wa Mungu, akidhani ni majani.

Kisha Marcella akaniambia nifute ile sauti. Nilifungua kompyuta mbele yao, nikaifuta, nikamwaga na pipa la taka la ndani ya mashine ili aone. Flashi akaichukua yeye.

"Hakuna nakala nyingine?"

"Hakuna. Naapa kwa kaburi la—"

"Toa simu, mzee."

"Mwanangu, nimeapa."

"Ndiyo. Ulipokuwa ukisema kweli hapa hukuapa hata mara moja. Toa simu."

Nilitoa. Haikumchukua muda kuipata. Sikuwa hata nimeificha, niliipa jina lake, *Munene*. Akaibofya. Kikohozi kikatoka kwenye kile kispika kibovu, kikajaa sebule. Alikuwa akitaka kuizima, Mzee Njura akainua mkono.

"Ngoja."

Tulisikiliza kikohozi. Kabla maneno hayajaanza, akamwonyesha azime.

"Hicho ulikipata wapi?"

"Kisimani," nikasema. "Hicho si cha uongo, mzee. Hicho ni chake. Huwa nakisikiliza jioni."

Walinitazama wote wawili, na kwa muda mfupi nilidhani wataniachia. Marcella akabofya, akathibitisha, akanirudishia simu mkononi.

"Yule mweusi anaitwa nani?" Mzee Njura akauliza, akisimama.

"Meneja. Lakini mzee, beberu nimeshatoa."

"Yule ni wa sauti. Huyu ni wa kiapo. Wewe mwenyewe umeandika hapa: mtu achague, aende naye, hutauliza swali."

Nilimfungua Meneja. Alinipiga kichwa gotini, akamkanyaga Karani, akatoka langoni mbele ya wote kama aliyekuwa akingoja uhamisho. Niliomba wanibakizie kamba angalau. Marcella alikuwa ameshafika barabarani. Hakugeuka, aliinua tu mkono ulioshika kamba ili nione kwamba amesikia, akaenda nayo.